Mtu Aliyemkatalia Bi Hilwa

Karatasi zilikuwa kumi na moja. Rukiya alizitoa kwenye mashine ya ofisini kwao, akazipanga juu ya meza ya kulia mpaka pakakosekana pa kuweka birika, kisha akasimama nyuma ya kiti na kusema, "Haya bibi, chagua."

Bi Hilwa alizitazama bila kuzigusa. Kila karatasi ina samaki. Samaki wa manjano, samaki wa milia, kasa kainua kichwa kama anayesikiliza adhana, na kwenye karatasi tatu yumo msichana yule yule wa Kizungu anacheka ndani ya maji, meno yote nje.

"Nichague nini hapa?"

"Kampuni, bibi. Jumamosi ya wiki ijayo tunakwenda kuzamia, mimi na wenzangu watatu. Si mama kasema wewe ndiye wa kusema ndiyo au hapana? Basi sema."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Mama yake Rukiya anaishi Maskati, na kwenye simu alishakata shauri: mtoto akazamie, maana mafunzo kamaliza na kadi kapewa, lakini atakwenda na watu ambao bibi yake kawaona kwa macho yake na karidhika nao. Bibi akisema hapana, hakuna bahari. Rukiya alikuwa na miaka ishirini na nne, ana kazi yake katika ofisi ya bima hapo hapo mtaani kwao, Oud Metha, na bado neno la mama yake lilikuwa neno.

Bi Hilwa akaweka kidole juu ya yule msichana wa Kizungu. "Huyu ni wa kampuni gani?"

"Wamemuweka wote watatu."

"Basi kuna waongo wawili hapo, au watatu. Ondoa karatasi zako niweke chai."

Sasa mtu atauliza, ajuza wa miaka sitini na sita, hajui kuogelea, shule yake ilikuwa msahafu na tarakimu basi, anajua nini cha kuzamia? Anajua. Huyu mama alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, akaja Dubai mwaka wa sabini na mumewe aliyekuwa fundi wa pampu. Mume alipofariki, watoto wakataka akae nyumbani apepewe. Akakataa. Akaenda kwenye duka la vifaa vya kuzamia, nyuma ya zahanati za mtaani, akamwambia mwenyewe: nipe kazi. Akapewa uwanja wa nyuma, mabeseni matatu makubwa ya plastiki na mpira wa maji. Duka lile halipeleki watu baharini. Linakodisha vifaa, linatengeneza, linajaza hewa kwenye mitungi. Na kila kitu kinachorudi kutoka chumvini kinapita mikononi mwa Bi Hilwa.

Miaka kumi na tatu ya kuosha hiyo. Nguo ya mpira anaigeuza ndani nje, anaifikicha, anaitundika kivulini, juani haitundiki hata umlipe. Mrija wa kuvutia hewa anaulowesha mpaka chumvi iachie. Mitungi anaijua kwa shingo zake, maana shingoni pamegongwa mwezi na mwaka wa kupimwa, na mtungi usiopimwa kwa miaka mitano kwake ni chuma chakavu. Majina ya kampuni hawezi kuyasoma, lakini lete mzigo wa vifaa mbele yake, atakwambia mwenye navyo ni mtu wa namna gani. Huyu mvivu. Huyu bahili. Huyu anawavalisha watu nguo mbichi za jana.

Mwaka mmoja nyuma iliwahi kurudi miwani ya maji yenye damu ndani. Damu imegandia kwenye mpira, pale pua inapokaa. Bi Hilwa aliishika akaita, "Jairus! Hii imemuua nani?"

Jairus ndiye mjaza mitungi, Mkenya wa Kakamega, mtu mzima mwenye wajukuu wawili kwao. "Hajakufa, mama," akasema. "Alienda chini akiwa na homa ya mafua. Hewa ikamkwamia huku ndani ya uso, vitu zikapasuka. Ameshapona."

Miwani ile aliiosha mara tatu, na bado akaitenga.

Kwa hiyo karatasi za samaki hazikumwambia kitu. Ijumaa baada ya sala akavaa buibui lake, akamwambia Rukiya, "Twende. Huyu wa kwanza yuko wapi?"

Wa kwanza alikuwa Al Barsha, karibu na lile duka kubwa lenye theluji ndani. Ofisi ina baridi, viti vyeupe, kahawa kwenye vikombe vidogo, na kijana wa suti anayeita kila mtu madam. Rukiya alikaa kama bibi harusi. Bi Hilwa hakukaa.

"Mwambie nataka kwenda chini mimi," akasema.

"Bibi!"

"Mwambie. Mimi mwenyewe, Jumamosi. Na si hapo kwenye maji ya goti. Nataka kwenye ile meli iliyozama."

Rukiya akatafsiri huku uso umemuiva. Meli ile inalala upande wa Fujairah, mita thelathini chini, na wanaokwenda huko ni watu waliozoea. Kijana wa suti alimtazama ajuza, buibui, kandambili, fundo la ufunguo kwenye kanga. Akatabasamu. "No problem, madam. Inshallah."

"Kasemaje?"

"Anasema hakuna tabu."

"Hakuna tabu!" Bi Hilwa akageuka huku na huku kama anatafuta shahidi. "Nina presha, nina goti, sijui kuogelea, na hakuna tabu! Haya, mwambie anionyeshe vifaa."

Vifaa vilikuwa chumba cha nyuma. Akashika mrija wa kwanza, akapitisha kucha kwenye kipande cha mdomoni, kucha ikatoka na unga mweupe. Akaulamba. Chumvi. Akainama kwenye mtungi, akasoma tarakimu za shingoni taratibu kwa kidole: mwezi wa tatu, mwaka elfu mbili. Akahesabu. Akahesabu tena, huenda kakosea. Hakukosea.

"Huu ulitakiwa kupimwa miaka miwili na nusu nyuma," akasema. "Twende zetu."

"Lakini bibi, hawa ndio wanaosifiwa na watu wote!"

"Wanasifiwa kwa kahawa yao."

Wa pili Rukiya alisema ni wa uhakika, kaka yake rafiki yake alikwenda nao. Wako pwani, boti jipya linang'aa. Hapo mrija ni safi, tarakimu ni nzuri, Bi Hilwa mwenyewe akaanza kulainika. Akataka tu kuiona kompresa inayojaza hewa. Wakamzungusha nyuma ya banda. Kompresa ipo, na pua yake ya kuvutia hewa imeelekea moja kwa moja kwenye bomba la moshi la jenereta.

"Wanajaza moshi," Bi Hilwa akasema. "Wanaujaza kwenye chupa, halafu wanawapa watu waende nao chini wakauvute."

Yule mtu wa boti alipoulizwa kama ajuza huyu naye anaweza kuzamia kwenye meli, akasema mama anaweza kila kitu, na watampiga picha.

Teksi ya kurudi ikafika daraja la Garhoud. Hapo Rukiya akashindwa kujizuia. "Bibi, wewe hutaki niende. Sema tu hutaki. Usinizungushe mji mzima unalamba mipira ya watu mbele ya macho ya watu!"

"Nisingetaka ningesema sitaki. Ningeogopa nani?"

"Wenzangu wameshachanga pesa. Leo mimi ndiye niliyebaki, naambiwa nasubiri bibi yangu anuse."

"Na wao hawana bibi?"

"Wana akili!"

Bi Hilwa akageukia dirisha. Lilimuuma hilo. Kilichokuwa kinamchosha si Rukiya. Kilichomchosha ni ule mji mzima wa watu wa ndiyo. Unaomba upuuzi, unaambiwa ndiyo. Unaomba kifo, unaambiwa ndiyo na kahawa juu yake.

Jumatano Jairus alikuwa na mzigo wa mitungi wa kupeleka Dibba, kwa mteja wa duka. Bi Hilwa akapanda pikapu kabla hajaombwa. Njia nzima, Dhaid mpaka milimani Masafi, Jairus anapiga soga naye anajibu kwa mguno.

"Mama, huyu Mubarak tunayempelekea ni mtu mzuri, lakini ni mgumu. Wateja wanalia. Ati mzungu mmoja alitaka kumpiga."

"Kwa nini?"

"Alimkataza kuingia kwa maji. Alikuwa amekunywa pombe usiku wake."

"Mh," akasema Bi Hilwa, akajifunga mtandio vizuri.

Mubarak alikuwa na banda la mabati, boti moja, na ndevu zenye mvi. Mtu wa Oman, mama yake mtu wa Pemba, kwa hiyo Kiswahili anacho, kikavu kidogo. Ufuo ule tufani ya mwezi wa sita iliupiga vibaya, mabati mengine yalikuwa bado yamekunjika. Viti hakuna. Picha ya samaki hakuna hata moja. Bi Hilwa akasalimia, akapokewa vizuri, akaanza kazi yake. Mirija: safi. Shingo za mitungi: zote za mwaka huu na mwaka jana. Kompresa: bomba lake la kuvutia limepandishwa juu ya paa, upande upepo unakotokea. Ndani ya boti mkoba wa oksijeni, na mkoba una vumbi juu lakini kipimo kimejaa.

Akajipangusa mikono. "Sasa nataka kuzamia mimi," akasema. "Jumamosi. Kwenye meli."

Mubarak hakucheka. "Una miaka mingapi, mama?"

"Sitini na sita."

"Unameza dawa gani?"

"Ya presha. Moja tu, nyeupe."

"Umewahi kuogelea?"

"Hata."

"Basi hapana."

"Hapana ya vipi? Nalipa kama wengine!"

"Hata ulipe mara kumi. Mimi kukutia kwenye maji sikutii. Ukiniletea karatasi ya daktari nitakufundisha kuelea hapa ufukweni, magotini, basi, khalas."

Hapo ndipo Bi Hilwa alipokasirika kweli. Alikuja kumpima, ndiyo, alitaka akataliwe, ndiyo, lakini magotini! Kama mtoto! Mbele ya Jairus! "Mimi nimeanza kuosha vifaa hivi wewe ndevu zako nyeusi," akasema. "Nimeviosha vingi kuliko ulivyovivaa!"

"Naamini," akasema Mubarak. "Na bado hapana."

Kuhusu Rukiya alikuwa vile vile. Ana kadi ya mwezi mmoja? Mwisho wake mita kumi na nane. Meli asahau. Atakwenda kwenye kile kisiwa cha mawe karibu na pwani, hakina kina, kasa wapo, na kundi ni watu wanne tu na yeye Mubarak wa tano. Wenzake wakitaka meli watafute mtu mwingine.

Kwenye pikapu Jairus alicheka mpaka Masafi. "Mama umepatikana! Magotini!"

"Endesha gari."

"Sasa tunamwambiaje msichana?"

Jibu lilikuwa chungu mdomoni mwa Bi Hilwa. "Mwambie huyu ndiye," akasema. "Mkaidi, hana adabu, hana hata kiti. Ndiye huyu."

Usiku ule Rukiya aliruka juu akambusu kichwa. Wenzake walinung'unika kuhusu meli siku nzima, mwisho wakakubali kisiwa. Kila kitu kikawa sawa, isipokuwa Alhamisi Rukiya alirudi kutoka kazini anapiga chafya.

Bi Hilwa hakushtuka. Pua ikiziba huzibuliwa. Akamfukizia maji ya moto na mkaratusi, kichwa chini ya taulo. Akamtia mafuta ya habasoda kwenye tundu za pua, asubuhi na jioni. Akamsugua kifua. Ijumaa jioni Rukiya akavuta pumzi, pua zote mbili zikafunguka, safi, kama mlango.

"Bibi, nimwambie yule bwana kama nilikuwa na mafua?"

"Mafua yako wapi?"

"Yameisha."

"Basi utamwambia nini? Umwambie ulivyokuwa? Hatukuzunguka mji mzima uje ukatazwe kwa chafya."

Alfajiri ya Jumamosi, kabla ya kutoka, akamtia matone mengine.

Saa tatu walikuwa ufukweni. Wenzake watatu wameshavaa, wanapigana picha. Mubarak akawapanga mstari, akasema jambo moja tu: kila mtu abane pua, afunge mdomo, apulize polepole mpaka asikie masikio yanafunguka. Wa kwanza yakafunguka. Wa pili. Wa tatu. Rukiya akabana, akapuliza, uso ukamvimba. Akapuliza tena.

"Sikio la kushoto?" akauliza Mubarak.

"Litafunguka tu."

"Umekuwa na mafua lini?"

Rukiya akamtazama bibi yake. Mubarak naye akageuka akamtazama bibi yake.

"Pua yake wazi," Bi Hilwa akasema, akisogea. "Nimemtia habasoda alfajiri hii. Sikilizeni anavyovuta! Rukiya, vuta!"

Rukiya akavuta. Ilisikika nzuri kabisa.

"Mama," Mubarak akasema, "hayo mafuta yatakaa masaa mawili tena, hayazidi. Yakiisha yeye yuko chini, pua inafunga na hewa iko ndani. Atapandaje? Vua vifaa, binti. Leo hapana."

"Huyu mtu kazi yake kukataa!" Bi Hilwa akapaza sauti, na wenzake Rukiya wakaacha picha zao. "Juzi kanikatalia mimi, leo kamkatalia mtoto! Nimepita mji mzima, nimenusa kila mtungi, nimekuchagua wewe, wewe! Ningejua ni hivi ningempeleka kwa wale wa..."

Kwa wale wa kahawa, alitaka kusema. Kwa wale wa hakuna tabu.

Rukiya alikuwa ameshashika miwani yake ya maji, ameipandisha kwenye paji la uso, na machozi yanamshuka kwa hasira yanapita kando ya pua. Bi Hilwa aliitazama ile miwani. Alitazama pale mpira unapokaa juu ya pua. Miaka kumi na tatu ya kuwasema watu kwa vifaa vyao: huyu mvivu, huyu bahili. Kanusa kompresa za watu, kalamba chumvi ya watu, na pua iliyokuwa inachuruzika nyumbani kwake, kwenye mto wake, aliipaka mafuta ili watu wasiione.

"Ivue," akasema.

"Bibi, si umesema..."

"Nimesema vingi. Ivue, nipe."

Boti likaondoka na watatu. Rukiya akakaa juu ya kreti ya plastiki, mgongo kwa bibi yake, hamtazami. Bi Hilwa hakubembeleza, si tabia yake. Alisimama jua linampiga, kisha kwa kuwa hajui kusimama bure akaliendea beseni la maji ya kuoshea la Mubarak, akachovya vidole, akavionja.

Ilipofika saa tano Rukiya akaanza kuvutia pua. Mara moja, mara mbili. Halafu pua zote mbili zikaziba, vup, sauti yake ikawa kama anazungumza ndani ya mtungi. Boti kwa mbali lilikuwa bado limetia nanga, na wenzake wako chini.

"Bibi," akasema na pua yake imeziba, bila kugeuka.

"Nini?"

"Sasa hivi ningekuwa chini."

"Najua."

"Mama akipiga simu utamwambia nini?"

Bi Hilwa alikuwa ameinamisha beseni lote, anamwaga maji mchangani. "Nitamwambia nilimpata mtu wa kweli, na nikataka kumdanganya," akasema. "Atacheka huyo mpaka Jumatatu."

Boti liliporudi Mubarak alimkuta kashika mpira wa maji, kakunja buibui mpaka magotini, anajaza beseni upya.

"Mama, hayo maji nimebadilisha jana!"

"Yana chumvi," Bi Hilwa akasema. "Hapana. Kwenye maji yale siwezi kutia vifaa vya mtoto wangu. Jumamosi ijayo nikija, nataka kuyaona yamebadilishwa asubuhi, si jana."

Mubarak akajikuna ndevu. "Jumamosi ijayo, kama mafua yameisha."

"Utampima wewe," akasema Bi Hilwa. "Mimi nitalipima beseni."